Kwa Nini Bado Nina Kinyongo na Kevin Cash

Jameni, nilikuwa nimeahidi kwamba sitaandika tena habari za besiboli hapa. Mara ya mwisho nilipofanya hivyo, mwenzangu mmoja tunayekaa naye dawati moja kazini aliniuliza kama nimeishiwa na mada. Lakini juzi tulibishana naye wakati wa chai. Yeye anasema kocha ni kocha, akishaamua ameamua, na sisi watazamaji kazi yetu ni kelele tu. Mimi nikajikuta chai imepoa huku nikimweleza mkasa wa Blake Snell, mtu ambaye hajui hata besi ya kwanza iko upande gani. Kwa hivyo wacha niyamwage hapa yaishe. Asiyeujua mchezo anivumilie, nitakwenda polepole.

Mechi ya besiboli ina raundi tisa. Katika kila raundi timu moja inapiga, nyingine inalinda, halafu zinabadilishana, na upande unaopiga unaendelea mpaka watu wake watatu watolewe. Wapigaji ni tisa, wanakuja kwa mpangilio uleule, wa tisa akimaliza anarudi wa kwanza. Mbele yao, juu ya kichuguu katikati ya uwanja, anasimama mtu mmoja anayewarushia mpira. Huyo mrushaji ndiye mchezo wenyewe. Akiwa na siku mbaya, wenzake wanane watashinda wakikimbiza mipira tu kama watoto wanaofukuza kuku. Na akishatolewa harudi tena, sawa na mchezaji wa soka aliyebadilishwa. Shika hilo.

Sasa twende Arlington, Texas, tarehe 27 Oktoba 2020. Kwetu huku ilikuwa alfajiri ya tarehe 28. Ni mechi ya sita ya fainali ya ligi kuu ya Marekani, ile wanayoiita World Series, Tampa Bay Rays dhidi ya Los Angeles Dodgers. Dodgers wameshinda mechi tatu, Rays mbili, na anayefikisha nne ndiye bingwa. Rays ni timu ya bajeti ndogo, mishahara yao ni miongoni mwa ya chini kabisa katika ligi. Dodgers ni matajiri. Sihitaji kukwambia nilikuwa upande gani.

Rays wanaongoza 1-0, pointi ya Randy Arozarena ya raundi ya kwanza. Na juu ya kichuguu yuko Snell, mrushaji wa mkono wa kushoto, na usiku ule mkono huo ulikuwa na kitu. Kufikia raundi ya sita alikuwa amewatoa Dodgers tisa kwa straiki tatu. Hakumpa mtu yeyote besi ya bure. Wapigaji watatu wa mwanzo wa Dodgers, yaani Mookie Betts, Corey Seager na Justin Turner, ambao ndio sumu ya timu ile, walikuwa wamekutana naye mara mbili kila mmoja. Mara sita kwa jumla. Zote sita walitolewa kwa straiki. Hawakuugusa mpira ukaenda mahali popote pa maana.

Raundi ya sita, mmoja ameshatolewa, mpigaji wa tisa, Austin Barnes, anapata mpigo mmoja na kufika besi ya kwanza. Ni mpigo wa pili tu wa Dodgers usiku mzima. Snell amerusha mipira 73. Hapo ndipo Kevin Cash, kocha wa Rays, akatoka bandani akaanza kutembea kuelekea kichuguuni.

Picha ya Snell alipomwona kocha anakuja unaweza kuitafuta mwenyewe. Mdomo wake hauhitaji mtaalamu wa kusoma midomo. Betts naye, aliyekuwa akisubiri zamu yake, alikiri baadaye kwamba moyo wake ulitulia alipoona Snell anaondoka.

Akaingia Nick Anderson. Betts akampiga mpira uliompeleka mpaka besi ya pili, Barnes akafika ya tatu. Mrusho mwingine ukamponyoka Anderson, mdakaji akaukosa, Barnes akaingia nyumbani. 1-1. Seager akapiga mpira wa chini kuelekea besi ya kwanza, Betts akakimbia kama mwizi na kufika nyumbani kabla ya mpira. 2-1. Raundi ya nane Betts huyohuyo akaupeleka mpira jukwaani. 3-1, mechi imekwisha, Dodgers mabingwa kwa mara ya kwanza tangu 1988.

Haya. Sasa kabla hujamtukana Cash, nisikilize, maana mimi nilimtukana kwanza halafu ndipo nikaanza kusoma, na kusoma kukaniharibia matusi yangu.

Kuna jambo ambalo wenye takwimu za besiboli walishalithibitisha miaka mingi. Mpigaji anapokutana na mrushaji yuleyule mara ya tatu katika mechi moja, anampiga vizuri zaidi kuliko mara ya kwanza na ya pili. Sababu si ngumu. Mrushaji amechoka kidogo, ndiyo, lakini kubwa zaidi ni kwamba mpigaji ameshamzoea. Ameona mpira wake wa kasi, ameona ule unaopinda, ameanza kujua mkono unatokea wapi. Snell alikuwa anaanza kukutana na Betts mara ya tatu. Tena Snell mwenyewe hakuwa amemaliza raundi sita katika mechi hata moja mwaka ule. Rays walikuwa wamejenga msimu mzima juu ya kanuni hiyo: mrushaji wa kuanza anawatazama wapigaji mara mbili, basi, wanaingia wa akiba. Kwa kanuni hiyo walishinda mechi 40 kati ya 60 za msimu ule uliofupishwa na korona, rekodi bora kuliko timu yoyote ya upande wao wa ligi. Ndio hawa hawa ambao Mei 2018 walimwanzisha Sergio Romo, mtu wa kufunga mechi, arushe raundi ya kwanza tu kisha atoke. Watu wakawacheka. Baadaye timu nyingine zikaiga.

Na kuna hili ambalo wenye hasira hupenda kulisahau. Siku kumi tu kabla ya mkasa wa Snell, tarehe 17 Oktoba, katika mechi ya saba dhidi ya Houston Astros, Cash alifanya jambo lilelile. Charlie Morton alikuwa amerusha mipira 66, hajafungwa pointi, raundi ya sita wawili wameshatolewa. Cash akamtoa. Akaingia nani? Nick Anderson. Akaizima raundi ile bila pointi, Rays wakashinda 4-2, wakaenda fainali. Hukusikia mtu akilalamika. Magazeti yalimwita Cash kocha wa kizazi kipya.

Kwa hivyo ukija kwangu na hoja kwamba «Cash alikuwa mjinga», sikubali. Uamuzi ni uleule, mrushaji wa akiba ni yuleyule, mara moja umezaa fainali na mara moja umezaa kilio. Huwezi kuusifu uamuzi kwa matokeo yake leo na kuulaani kwa matokeo yake wiki ijayo. Hapo mwenzangu wa dawati alipiga meza. «Si ndiyo maana nakwambia kocha ni kocha!»

Ngoja kwanza.

Kinyongo changu kiko mahali pengine. Kinahusu Anderson.

Msimu wa kawaida wa 2020 Anderson alikuwa moto. Wastani wake wa pointi alizofungwa ulikuwa 0.55 kwa kila raundi tisa, yaani kumfunga ilikuwa karibu muujiza. Huyo ndiye Anderson aliyekuwa kwenye daftari la Cash. Lakini Oktoba ilikuwa imemla. Alikuwa ametumiwa na kutumiwa tena, akiingizwa mapema, akirushishwa zaidi ya raundi moja, mechi za presha zikifuatana. Alipopanda kichuguuni usiku ule, katika mechi zake sita zilizotangulia alikuwa amefungwa pointi katika kila moja. Sita mfululizo! Ile ya Snell ikawa ya saba, na hakuna mrushaji wa akiba aliyewahi kufikisha saba mfululizo katika mechi za mwisho wa msimu.

Nikupe mfano wa nyumbani. Basi la usiku la Kisumu limefika Nakuru salama. Dereva macho makavu, gari limetulia, abiria wamelala. Kampuni inamshusha kwa sababu ratiba inasema madereva huanza kusinzia baada ya Nakuru. Ratiba si ya uongo, madereva husinzia kweli, na watu wamekufa kwa ajili hiyo. Lakini anayepanda kushika usukani ameendesha usiku sita mfululizo, na kila usiku amegonga kitu.

Hapo ndipo kosa lilipo. Hesabu ilimhesabia Snell uchovu wake lakini haikumhesabia Anderson wa kwake. Ilimwona mrushaji wa akiba kama tairi jipya lililo ndani ya karatasi, wakati tairi lenyewe lilikuwa limeshaanza kuonyesha nyuzi. Ukiniuliza mimi, tatizo si kwamba Cash alifuata takwimu kupita kiasi. Alifuata takwimu moja akaiacha nyingine iliyokuwa hapo hapo mbele yake, haihitaji hata kompyuta, unaihesabu kwa vidole.

Machi 2021 Anderson aligundulika kuwa na kano ya kiwiko iliyochanika kiasi. Akakosa karibu msimu wote. Siwezi kukwambia kwamba ni ile Oktoba iliyomchana; viwiko vya warushaji huchanika hata bila Oktoba. Lakini kila ninaposikia mtu anabishana juu ya Snell, ambaye alitoka na mkono wake mzima, namkumbuka huyu mwingine ambaye hatajwi ila kwa lawama.

Na kiwiko ndicho kitu ambacho watu wa Marekani hawatanii nacho. Tangu daktari Frank Jobe alipomfanyia Tommy John upasuaji wa kwanza wa kano hiyo mwaka 1974, upasuaji wenyewe umeitwa kwa jina la mgonjwa, na leo umekuwa jambo la kawaida kiasi cha kutisha. Hata watoto wamewekewa kikomo. Katika mashindano ya Little League, mtoto wa miaka 11 au 12 haruhusiwi kurusha zaidi ya mipira 85 kwa siku. Vijana wa Lugazi, Uganda, walipokwenda Williamsport, Pennsylvania, mwaka 2012 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali zile, walikuta kanuni hiyo. (Mwaka mmoja kabla yake vijana wengine wa Uganda walifuzu wakanyimwa viza. Hiyo nayo ni mada ya siku nyingine na nitahitaji chai nyingi.)

Mwaka huohuo wa 2012 ndio uliokuwa na kesi ya Stephen Strasburg. Washington Nationals walikuwa na kijana huyu wa ajabu aliyefanyiwa upasuaji wa Tommy John mwaka 2010. Timu ikawa kinara, ikashinda mechi 98, na Septemba viongozi wakamwambia Strasburg: umerusha raundi 159 na kidogo, inatosha, kaa chini. Katika mechi ya tano ya mtoano dhidi ya St. Louis Cardinals waliongoza 6-0 wakapoteza 9-7, huku mrushaji wao bora amevaa koti bandani. Mashabiki wa Washington walitaka kula mtu. Miaka saba baadaye, 2019, Strasburg huyohuyo aliwapa ubingwa na akachaguliwa mchezaji bora wa fainali. Ukasema, naam, walikuwa na akili! Wakampa mkataba wa dola milioni 245. Baada ya hapo alicheza mechi nane tu, mwili ukakataa, akastaafu 2024. Kwa hivyo walikuwa na akili au hawakuwa nayo? Mimi nimebadilisha jibu langu mara tatu na bado silali vizuri nalo.

Upande wa pili wa shilingi ni Grady Little, na huyu lazima nimtaje maana kila anayemtetea Cash humleta. Oktoba 2003, mechi ya saba, Boston Red Sox wako New York wanaongoza Yankees 5-2. Pedro Martinez, mmoja wa warushaji wakubwa kabisa wa wakati wake, amemaliza raundi saba na mipira 100. Little akamrudisha raundi ya nane. Yankees wakaanza kumpiga. Ikawa 5-3. Little akapanda kichuguuni, akamuuliza Pedro kama anaweza, Pedro akasema anaweza, Little akageuka akarudi zake. Mipigo miwili ikafuata, ikawa 5-5. Pedro alitoka na mipira 123. Raundi ya kumi na moja Aaron Boone, ambaye mwaka 2018 alikuja kuwa kocha wa Yankees haohao, akaupiga mpira jukwaani na Boston wakaenda nyumbani. Little hakuongezewa mkataba.

Angalia jinsi dunia ilivyogeuka. Mwaka 2003 kocha alimwamini mchezaji akaacha takwimu, akafukuzwa. Mwaka 2020 kocha aliamini takwimu akamwacha mchezaji, akapewa tuzo ya kocha bora wa mwaka, na 2021 akapewa tena. (Ni kweli kura za tuzo ile hupigwa kabla ya mechi za mwisho, kwa hivyo haikuwa zawadi ya kumtoa Snell. Lakini hata hivyo.) Mimi nadhani Little alikosea zaidi. Warushaji wake wa akiba, Mike Timlin na Alan Embree, walikuwa wanarusha vizuri ajabu Oktoba ile, na alikuwa nao bandani wamepashwa moto. Kumuuliza Pedro kama anaweza si swali. Muulize bondia aliyeko raundi ya kumi kama anaweza.

Hapo utaona msimamo wangu si «waache wachezaji wacheze», wimbo ambao wazee wa mchezo huu huuimba kila Oktoba. Msimamo wangu ni kwamba swali huwa na watu wawili: anayetoka na anayeingia. Little hakumtazama anayetoka. Cash hakumtazama anayeingia.

Jambo lenyewe halianzi usiku wa mechi, linaanzia kwenye orodha. Timu inaruhusiwa wachezaji 26, na tangu 2022 wasizidi 13 walio warushaji. Ukiamua kwamba mrushaji wa kuanza ataishia raundi ya tano, maana yake kila siku unahitaji raundi nne za watu wa akiba, na watu hao ni wanane au chini. Hesabu haikubali. Ndipo timu zinaanza kuwapandisha na kuwashusha vijana kutoka ligi ndogo. Leo yuko Florida chini ya taa kubwa, keshokutwa yuko kwenye ndege ya kurudi mji mdogo kwa sababu amerusha mipira 40 jana na leo hana faida. Ilibidi mkataba wa wachezaji wa 2022 uweke kikomo kwamba mchezaji asishushwe zaidi ya mara tano kwa msimu mmoja. Mara tano! Waliofanya vibarua Industrial Area watamwelewa huyo kijana: kila asubuhi unasimama langoni kuona kama jina lako litasomwa. Na hii ndiyo siri ya timu za bajeti ndogo ambayo mimi, shabiki wao, sifurahi kuisema. Ubunifu wa Rays unaousoma kwenye vitabu umebebwa na mikono ya vijana ambao majina yao huyajui. Snell mwenyewe waliuza mkataba wake kwa San Diego Padres miezi miwili baada ya usiku ule. Alikuwa ameshakuwa ghali.

Dodgers nao wasijione malaika. Dave Roberts, kocha aliyeshinda usiku wa Snell, alikuwa amefanya vilevile tarehe hiyohiyo, 27 Oktoba, mwaka 2018. Alimtoa Rich Hill aliyekuwa amepigwa mara moja tu, timu inaongoza 4-0. Wakapoteza 9-6.

Roberts huyo nimemtazama kwa makini Oktoba 2025. Warushaji wake wa akiba walikuwa dhaifu na alijua. Kwa hivyo akafanya kinyume cha daftari: akawaacha warushaji wa kuanza warushe mpaka basi. Yoshinobu Yamamoto alimaliza raundi zote tisa mara mbili mfululizo, kitu ambacho siku hizi ni kama kuona simu ya kibanda barabarani. Halafu katika fainali dhidi ya Toronto Blue Jays akarusha mipira 96 mechi ya sita, na kesho yake, 1 Novemba, akarudi kufunga mechi ya saba kwa mipira 34 mingine, raundi kumi na moja, 5-4. Nilipiga kelele jirani akagonga ukuta. Na wakati huohuo nilikuwa nautazama ule mkono kwa wasiwasi. Hapo sijui nisimame wapi. Yaani kama ningekuwa mama yake nisingekubali.

Mwenzangu aliposoma rasimu hii aliuliza jambo moja tu: Snell alikwenda wapi? Swali zuri. Agosti 2024, akiwa na San Francisco Giants, aliachwa amalize mechi nzima kwa mara ya kwanza maishani katika ligi kuu. Mipira 114, hakupigwa hata mara moja. Mwaka uliofuata akahamia, ndiyo, Dodgers. Na tarehe 13 Oktoba 2025, mechi ya kwanza dhidi ya Milwaukee Brewers, alirusha raundi nane, mpigo mmoja tu, kumi wametolewa kwa straiki, mipira 103. Raundi ya tisa Roberts akamtoa. Walioingia wakatoa pointi moja, wakajaza besi zote tatu, na Dodgers wakaponea chupuchupu 2-1.

«Ungemwacha?» akaniuliza.

Mipira 103, sawa, ni mingi. Ningemwacha.